Tunachangia Kisu, Hatuchangii Hatua

Watanzania tukiamua kuchanga, tunachanga kweli. Harusi tunachanga, msiba tunachanga, ubarikio tunachanga. Kuna kundi la WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna orodha ya ahadi na orodha ya waliolipa, na kuna mjomba mmoja ambaye kila mwaka anaahidi na kila ikifika siku ya kulipa simu yake haipatikani.

Akitokea mgonjwa wa kupasuliwa ndiyo usiseme. Hata mjomba anapatikana. Sauti inabadilika, watu wanatuma, waliopo Arusha wanatuma, waliopo Muscat wanatuma, na siku mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji tunaandika "Mungu ni mwema" mara themanini, kundi linafungwa, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Sasa naomba niulize swali moja, msomaji wangu. Ni lini uliwahi kuona orodha ya michango yenye mstari ulioandikwa "mazoezi ya kutembea"?

Mimi sijawahi. Nimeona mstari wa chakula cha wageni wanaokuja kumjulia hali mgonjwa. Nimeona mstari wa mafuta ya gari. Soda nimeziona. Mazoezi sijayaona. Na hicho ndicho kilichonifanya nikae chini leo, kwa sababu nimelishuhudia jambo hili kwa karibu, kwa shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayekaa Kimara, ambaye amebadilishwa nyonga ya kulia.

Kwa miaka mingi nyonga ile iliitwa majina mengi. Iliitwa baridi. Iliitwa uzee. Kuna jirani aliyeapa kwamba ni mambo ya watu. Alichuliwa mafuta ya kila rangi, akanywa dawa za maumivu mpaka tumbo likalalamika, na mwisho akawa hawezi kuvaa kiatu cha kulia mpaka mtu amsaidie. Picha ya eksirei ndiyo iliyomaliza ubishi. Gegedu lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa.

Kwa ambao hawajawahi kulifuatilia suala hili, ni hivi. Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, kinazunguka ndani ya kikombe kilichopo kwenye mfupa wa kiuno, na katikati kuna gegedu laini linalozuia msuguano. Likilika, kila hatua ni maumivu. Daktari anakiondoa kile kichwa, anapachika shina la chuma ndani ya mfupa wa paja, juu yake anaweka mpira wa chuma au wa kauri, na upande wa pili anaweka kikombe kipya ambacho mara nyingi ndani yake kuna plastiki ngumu. Basi. Ni ufundi mkubwa, lakini ukielezwa utadhani unamsikiliza fundi wa gari akieleza habari ya bolijointi.

Operesheni hii kwa mtindo tunaoujua leo ilitengenezwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Mwanzoni alitumia plastiki aina ya Teflon, ikalika haraka na wagonjwa wakaumia upya. Mwaka 1962 akahamia kwenye plastiki ngumu zaidi, na hapo mambo yakakaa sawa. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala yaliyoiita operesheni ya karne. Na siku hizi huhitaji kupanda ndege kwenda India ili uipate. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, inabadilisha nyonga hapa hapa Dar es Salaam.

Sasa hapa kuna kitu nataka ukishike. Zama za Charnley, mgonjwa akishapasuliwa alilazwa kitandani wiki kadhaa. Kupumzika ndiyo ilikuwa dawa. Leo, katika hospitali nyingi duniani, mgonjwa wa nyonga anasimamishwa siku hiyo hiyo aliyopasuliwa au kesho yake, ameshikilia fremu ya kutembelea, mtaalamu wa mazoezi tiba yuko pembeni, anapiga hatua mbili tatu, anakaa. Madaktari walishagundua kwamba kulala kunaleta damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kunaleta vichomi, kunamaliza misuli. Udaktari umebadilika. Kilichobaki mwaka 1962 ni vichwa vyetu sisi ndugu wa mgonjwa.

Nawaambia nilichokiona Kimara.

Shangazi alitoka hospitali moja hapa jijini (jina tuliache) akiwa na karatasi. Karatasi ilikuwa na orodha ya dawa, tarehe ya kutoa nyuzi, na sentensi moja chini kabisa: "Afanye mazoezi." Mazoezi gani? Mara ngapi? Akae vipi, alale vipi, apande ngazi vipi? Hakuna. Ni kama umpe mtu ufunguo wa gari halafu umwambie "endesha".

Nyumbani wageni wakamiminika. Na kila mgeni alikuja na maneno yale yale. "Shikamoo mwalimu. Usiinuke, usiinuke! Pumzika, umeshafundisha vya kutosha." Akitaka kwenda chooni, watu watatu wanamvamia kumbeba. Akisema anataka kukaa barazani, anaambiwa upepo utampiga. Maji anapelekewa, chakula anapelekewa, rimoti anapelekewa. Upendo mtupu! Wiki mbili zikapita, na lile paja ambalo tuliuza hadi kiwanja ili lipasuliwe likawa limesinyaa kuliko lilivyokuwa siku anaingia hospitali.

Mnaona ilivyo? Nyonga mpya ya chuma haina kosa lolote. Lakini chuma hakitembei. Kinachotembea ni misuli ya paja na ya makalio, na misuli hiyo ilikuwa imedhoofu kwa miaka yote ya kuchechemea, kisha ikapitiwa na kisu, kisha ikalazwa na upendo wetu. Daktari anakupa kiungo. Mwendo unautafuta mwenyewe, hatua kwa hatua, kila siku, kwa miezi.

Mambo yalibadilika wiki ya tatu, pale binti yake alipotafuta mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana mdogo tu wa umri wangu, awe anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza alimwamkia, akaweka fremu mbele yake, akasema, "Mwalimu, leo tunakwenda mpaka mlangoni."

Shangazi akamjibu, "Mwanangu, mlango huo uko pale pale tangu nijenge nyumba hii. Hautatukimbia."

"Sawa mwalimu. Lakini tunakwenda."

Wakaenda. Wiki hiyo mlangoni, iliyofuata kwenye mwembe, kisha geti, kisha duka la Mpemba. Ndani ya majuma hayo yule kijana alifundisha nyumba nzima mambo ambayo yangetosha kuandikwa kwenye karatasi moja ya Kiswahili na kupewa kila mgonjwa anayeruhusiwa. Nayaweka hapa, kwa sababu kuna mtu anayasoma haya na mama yake yuko wodini.

La kwanza ni fimbo. Nyonga ya kulia ikipasuliwa, fimbo inashikwa mkono wa kushoto. Wengi tunampa mgonjwa fimbo upande ule ule unaouma, tunaona ndiyo akili. Sivyo. Ukishika upande wa pili, fimbo inaipunguzia mzigo misuli ya nyonga iliyopasuliwa unapokanyaga.

La pili ni ngazi. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu uliopasuliwa unatangulia pamoja na fimbo. Mguu mzima ndiyo unaofanya kazi ya kubeba mwili.

La tatu ni kukaa. Kulingana na upande ambao daktari amepita kuifikia nyonga, mgonjwa anaweza kukatazwa kwa wiki 6 hadi 12 asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asikunje nne, na asigeuzie mguu ndani. Akikosea, ule mpira unaweza kuchomoka kwenye kikombe. Si madaktari wote wana masharti sawa, kwa hiyo muulize aliyekupasua. Lakini hebu tazama nyumba zetu kwa macho hayo! Kigoda cha jikoni, hapana. Sofa linalomeza mtu, hapana. Mkeka, hapana. Choo cha kuchuchumaa, ndiyo kabisa usijaribu. Hata sijda inabidi isubiri, na kwa Waislamu ruhusa ya mgonjwa kusali akiwa kwenye kiti ipo.

Sisi tulimwita seremala. Alipandisha kiti cha sebuleni kwa vipande vinne vya mbao, akapandisha kitanda hivyo hivyo, akatengeneza kiti kizito cha mbao kilichotobolewa katikati cha kuweka juu ya tundu la choo. Watu hutumia kiti cha plastiki, lakini chepesi kile kinateleza kwenye sakafu yenye maji. Gharama ya seremala haikufika hata robo ya pesa tulizonunulia soda za wageni.

La nne ni dalili za hatari. Mazoezi yanauma kidogo na hayo ni ya kawaida. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikikata, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, au mguu ghafla ukageuka na kuwa mfupi na mgonjwa akashindwa kusimama, hapo hakuna cha kusubiri wala kuchua. Ni hospitali moja kwa moja.

Najua kuna msomaji anasema, "Kaka, haya ni mambo ya wazee, sisi yanatuhusu nini?" Subiri kidogo.

Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu. Tuko miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Seli zile zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya damu, na moja ya sehemu zinazoathirika ni kichwa cha mfupa wa paja. Kinakosa damu, kinakufa, kinabonyea. Mtu ana miaka 25, ndiyo kwanza ameajiriwa, anachechemea kama babu. Kuna pia waliotumia dawa za steroidi muda mrefu, kuna wanywaji wa kupindukia, kuna walioanguka na bodaboda. Nyonga ni jambo letu pia.

Na kijana akibadilishwa nyonga, hesabu yake ni ndefu kuliko ya shangazi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika Lancet hiyo hiyo ulionyesha kwamba nyonga bandia karibu 6 kati ya 10 hudumu miaka 25. Kwa mstaafu hiyo inatosha kabisa. Kwa mwenye miaka 25 maana yake huenda atarudi kwenye kisu tena. Ndiyo maana kwake misuli yenye nguvu, uzito wa wastani na mwendo ulionyooka ni mtaji wa maisha.

Wale wapenda tenisi mnamkumbuka Andy Murray. Januari 2019 alipasuliwa nyonga, kichwa cha mfupa kikavikwa kofia ya chuma na kikombe kikavikwa chuma pia. Oktoba mwaka huo huo akachukua ubingwa kule Antwerp kwa kumfunga Stan Wawrinka. Tukisikia hivyo tunasema, "Wazungu wana mashine." Lakini mwanamichezo wa kiwango kile ana timu ya wataalamu wa mazoezi, na mazoezi ndiyo kazi yake ya asubuhi na jioni. Na kama unadhani ni ujana tu uliomsaidia, mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza alibadilishwa nyonga mwaka 1995 akiwa na miaka 95, akasimama.

Sisemi tuwe na timu ya Murray. Mtu atasema hapa, na atakuwa na haki, kwamba mtaalamu wa kuja nyumbani ni gharama. Ni kweli. Lakini angalia gharama hiyo ipo wapi. Kukanyagisha nyayo juu na chini kitandani ni bure. Kubana makalio na kuachia ni bure. Kuzunguka mwembe mara nne kwa siku ni bure. Kinachohitaji pesa ni mtu wa kukufundisha mara chache za mwanzo na kukurekebisha ukikosea. Ukilinganisha na bei ya operesheni yenyewe, hii ni chenji. Kukataa chenji baada ya kutoa noti ndiyo uchumi gani huo?

Kuna wa pili atasema kumsukuma mgonjwa atembee ni ukatili. Huyu namwelewa zaidi. Sisi tumelelewa hivyo, mgonjwa ni wa kufunikwa shuka na kulishwa uji. Kumwacha mama mzima ajikokote kwenda kuchukua maji yake mwenyewe mbele ya watoto wake wanne wenye afya kunaonekana kama laana. Lakini nilimsikia shangazi mwenyewe siku moja akiwaambia wageni, kwa ile sauti ya ubaoni, "Mnanipenda kama maiti. Nipisheni nipite." Sebule ilinyamaza kimya. Tangu siku ile hakuna aliyembeba.

Ugumu wa pili uko nje ya geti. Shangazi alipoanza kutoka, tuligundua kwamba jiji hili limejengwa kwa ajili ya watu wenye miaka 20 wanaokimbia. Daladala inamtaka mtu arukie ngazi ndefu huku konda anapiga bodi na gari limeshaanza kuondoka. Bajaji lazima ujikunje. Mitaro haina vifuniko, ofisi zina ngazi bila mahali pa kushika. Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016, angalau jukwaa la kituo liko usawa mmoja na sakafu ya basi, mtu wa fimbo anaingia bila kupanda. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni ule msukumano wa kugombea mlango jioni, ambao mtu wa nyonga mpya haupati nafuu yoyote kwa jukwaa kuwa sawa.

Na sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike na kila mtu. Tunazungumzia sheria hiyo kama vile ni ya watu wengine fulani. Kumbe ni ya mwalimu wako wa darasa la tatu aliyetoka kupasuliwa, na ni ya kwako wewe siku ukidondoka na bodaboda.

Kazini nako mambo ni hayo hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kazi ya mezani mtu wa nyonga anaweza kuirudia baada ya wiki 6 hivi akiwa na maendeleo mazuri, kazi ya kubeba mizigo ni zaidi ya hapo. Lakini vijana wangapi wanaijua haki hiyo? Na mabosi wangapi wakikuona umerudi na fimbo watakuruhusu usimame na kuzunguka kila baada ya muda, badala ya kukuona unategea?

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, wala halihitaji semina elekezi. Kundi la WhatsApp la matibabu likifunguliwa, mstari wa kwanza kuandikwa baada ya operesheni uwe mazoezi. Wiki kadhaa. Mstari wa pili uwe seremala. Mtaalamu wa mazoezi atafutwe kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, maana hata misuli inayoandaliwa kabla inasaidia baadaye. Hospitali zetu nazo, pamoja na karatasi ya dawa, zitoe karatasi moja ya Kiswahili chepesi yenye michoro. Karatasi moja tu, jamani! Na ukienda kumwona mgonjwa wa nyonga usimwambie apumzike. Mwambie, "Twende mpaka getini, unisindikize."

Shangazi sasa ana miezi minne. Anakwenda kwenye kikoba chake kila Alhamisi kwa miguu, fimbo mkono wa kushoto, na bado anachechemea kidogo akichoka. Nguvu huendelea kurudi hata kufikia mwaka mzima. Lakini zile wiki mbili za kitandani alizilipa kwa jasho, na hazikuwa lazima. Kuna wengine hawakupata binti wa kutafuta mtaalamu. Hao wana nyonga mpya za mamilioni ya shilingi, na wako ndani, wanaletewa rimoti.

Wewe kwenu mlifanyaje? Kama umeuguza, au umepasuliwa mwenyewe, hebu tueleze, kuna mtu atafaidika.

Nawasilisha.